Je, Nora anabadilika kweli, au anaondoka tu?

Swali

Wanajukwaa, salamu. Nimesoma A Doll's House (Nyumba ya Mwanasesere), tamthilia ya mwandishi wa Norway Henrik Ibsen iliyoigizwa mara ya kwanza Copenhagen mwaka 1879, ile ya Nora anayemwacha mumewe Torvald na watoto wao watatu. Uamuzi wake naukubali. Kinachonitatiza ni kasi yake. Mkesha wa Krismasi anakula biskuti za lozi kwa kujificha ili mume asimgombeze, na siku mbili baadaye anahoji ndoa, dini na sheria. Je, mtu hupata uhuru wa nafsi ghafla namna hiyo, au Ibsen amemfanya kuwa msemaji wake?

Jibu la kwanza

Ndugu, mimi sioni ughafla. Miaka kadhaa kabla ya pazia kufunguliwa, Nora alikwisha kughushi saini ya baba yake ili apate mkopo wa kumpeleka mumewe mgonjwa Italia, kwa kuwa mke hakuweza kukopa bila idhini ya mume. Tangu hapo amekuwa akiulipa kwa siri, na majira ya baridi yaliyopita alijifungia chumbani usiku akinakili maandishi kwa malipo, jambo ambalo, anamwambia rafiki yake, lilimfanya ajione karibu kama mwanamume. Kwa hiyo uwezo alikuwa nao. Kilichovunjika ni tarajio. Aliamini kwamba siri ikifichuka Torvald angejitwika lawama yote, lakini Torvald anamtukana, kisha mkopeshaji anaporudisha hati ya deni yenye saini hiyo, anashangilia kwamba yeye ameokoka. Nora ndiye anayelazimika kuuliza, "Na mimi?"

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila tusimvike Nora ukamilifu asioudai. Anaposema kwamba yeye kwanza ni binadamu, anaongeza upesi kwamba angalau atajaribu kuwa hivyo. Hajui kama ni yeye au jamii iliyo sahihi, na anaondoka ili akajue.

Tena, kuondoka kwenyewe si kipimo. Katika The Lady from the Sea, tamthilia ya 1888 ya Ibsen huyohuyo, Ellida, mke wa daktari Wangel, anavutwa na baharia aliyewahi kufunga naye ahadi. Mvuto huo unakatika pale tu mumewe anapomwachia achague kwa uhuru na kwa wajibu wake mwenyewe, naye anachagua kubaki. Linganisheni na mwisho wa pili wa tamthilia ya Nora, ambao Ibsen aliuandika kwa ajili ya Ujerumani baada ya mwigizaji mmoja kukataa kuigiza mama anayewaacha watoto: Torvald anamsukumia Nora mlangoni awaone watoto waliolala, naye anaanguka chini na kubaki. Ibsen mwenyewe aliuita mwisho huo ukatili. Wanawake wote wawili wanabaki nyumbani, lakini ni Ellida peke yake aliyechagua.

Muuliza swali

Ahsanteni. Hoja ya tarajio lililovunjika imenishawishi. Kuhusu Ellida, hata hivyo, bado nasita, kwa sababu uhuru wake unasubiri mume autoe. Wangel angekataa, sijui angebadilika vipi. Nora hapewi ruhusa na mtu yeyote. Kinyume chake, yeye ndiye anayemtangazia Torvald kwamba hata yeye Torvald hafungwi tena na lolote, anamrudishia pete yake na kumdai ya kwake.