Juja: ni mji wa wanafunzi tu, au hata familia inaweza kukaa?

Mwalimu_Kitale
Hamjambo nyote. Binti yetu amepata nafasi ya kusomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) pale Juja, karibu na Nairobi, nasi tukaona kwamba badala ya kulipa kodi ya chumba kwa miaka mitano, huenda ikafaa tununue ploti, tujenge, kisha tuhamie huko tutakapostaafu. Kila tunayemuuliza husema Juja inakua mbio, lakini hakuna anayetueleza inakuzwa na nini. Ningependa kusikia kutoka kwa wakaazi: je, huu ni mji wa watu wa kila umri, au ni mabweni yaliyozungukwa na maduka?

Mkaazi_wa_Gachororo
Karibu Mwalimu, na hongera kwa binti. Jibu linaanzia chuoni. Kabla ya chuo, Juja ilijulikana zaidi kwa shamba la mlowezi Mmarekani, William Northrup McMillan, aliyemkaribisha Theodore Roosevelt hapo mwaka wa 1909. Baadaye Mzee Kenyatta alitoa hektari 200 za ardhi, serikali ya Japani ikasaidia kujenga, na mwaka wa 1981 wanafunzi wa kwanza wakaingia katika chuo ambacho wakati huo kilikuwa cha kiwango cha kati. Kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka wa 1994.

Mji wenyewe, kwa maoni yangu, ulizaliwa na uhaba wa vitanda. Vyuo vikuu vya umma vilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwishoni mwa miaka ya 1990, mabweni ya ndani hayakutosha tena, na wenye mashamba karibu na malango wakaanza kujenga hosteli na bedsita, yaani vyumba vya kupangisha ambamo mtu hulala na kupika mahali pamoja. Ndiyo maana huku kwetu Gachororo utakuta ghorofa zimebanana kiasi kwamba madirisha ya chini hayapati jua, kwani zilijengwa kwa hesabu ya mwanafunzi mmoja na kitanda kimoja, wala si ya mtoto anayehitaji uwanja wa kuchezea. Hilo linanisikitisha, kwa sababu nafasi ya kupanga mitaa vizuri ilikuwepo.

Abiria_wa_Kila_Siku
Nakubaliana na ndugu yangu kuhusu chanzo, ila ameipunja barabara. Kabla Rais Kibaki hajaizindua Barabara Kuu ya Thika mwaka wa 2012, mfanyakazi wa Nairobi hakuwa na sababu ya kulala zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini na kuamkia msongamano wa Githurai kila siku. Barabara ilipopanuliwa, ploti zilianza kutafutwa na watu wasio na uhusiano wowote na chuo. Tazama jirani yetu Ruiru: sensa ya 2009 ilihesabu wakaazi 238,858 mjini humo, na ile ya 2019 ikahesabu 490,120. Hata aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyoanza kutolewa kwa wakulima mwaka wa 1985, ina jina la mji ambao sasa unang'oa mibuni ili kupisha nyumba.

Kwa hiyo, Mwalimu, kuna Juja mbili. Iliyo karibu na malango ni ya wanafunzi. Ukielekea Kalimoni au Witeithie utakutana na familia, shule za watoto na watu wanaopanda matatu za Nairobi alfajiri.

Mama_Wapangaji
Mwalimu, mimi nina nyumba za kupangisha hapa. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, vyumba vyangu vya wanafunzi vilibaki vitupu kwa miezi mingi, ilhali wapangaji wenye familia hawakuondoka. Tangu hapo siwezi kumshauri mtu anayekaribia kustaafu ategemee bedsita pekee.

Jambo ambalo wauza ploti hawalitaji ni maji. Nyumba zimeongezeka kuliko mabomba, hivyo wengi hutegemea visima virefu vya mashine, na maji ya visima hivyo katika eneo zima la Nairobi mara nyingi huwa na floridi nyingi, ambayo huwaharibu watoto meno. Yapimwe kabla hamjalipa chochote. Maji taka nayo, pasipo na bomba kuu, huingia shimoni, na gharama ya lori la kuyanyonya ni yenu. Tena sehemu nyingine zina udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Hapo msingi lazima uchimbwe hadi chini, na fedha nyingi huishia ardhini kabla ukuta haujaonekana.

Mwalimu_Kitale
Nawashukuru sana. Je, tumpangie binti chumba kwanza, tukiendelea kuchunguza?

Mama_Wapangaji
Fanyeni hivyo. Njooni mwezi wa Aprili mvua ikiwa imekolea, mtembee kwa miguu hadi kwenye ploti, na muwaulize majirani wanapata maji ya bomba siku zipi za wiki. Muuzaji akiwapa cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi, kumbukeni kwamba hicho si hati miliki. Nendeni afisi ya ardhi mkathibitishe nambari ya ploti na jina la mwenyewe kabla ya kutoa hata arbuni.