Naomba ushauri: huu mgomba mwitu niuandike jina gani? (Kabla ya Ijumaa)

Kitalu_Kisauni
Asalaam aleikum wadau. Mimi nauza miche ya maua na miti kando ya barabara huku Kisauni. Nina mgomba mwitu ambao spishi yake imenishinda. Shina limevimba chini kama mtungi, majani yamesimama wima, uti wa jani mwekundu kwa nyuma. Tunda nyama hamna, limejaa mbegu nyeusi ngumu. Nimesoma kwamba mgomba mwitu mkubwa kuliko yote ni Musa ingens. Je, ndio huu? Nataka jina la kitaalamu tu, kwa kujua. Ila nilipate kabla ya Ijumaa.

Bi_Mtongwe
Waaleikum salaam. Ndizi ya mbegu sisi hatuli, mwanangu. Nyanyangu marehemu alikuwa Mtaita, na kwao milimani huo mgomba ulikuweko, kiangazi kikikaza ng'ombe wakikatiwa shina. Mimi nilipoolewa Mtongwe nikakuta mzuzu. Nikaupika kwa tui zito na iliki, na mume wangu mpaka leo akisafiri anaulizia huo. Panda mzuzu, hiyo ya mwitu waachie nyani.

Punda_wa_Likoni
Uandike "Mgomba wa Ijumaa".

Maalim_Tudor
Kaka, jina halitoki kwenye majani peke yake. Nijibu: unatoa watoto pembeni? Mbegu ina ukubwa gani? Ua linaloning'inia magamba yake yakoje? Na uliupata wapi? Huyo ingens kwao ni misitu ya milima ya New Guinea, kwenye baridi na ukungu. Kwa jua la Kisauni angekuwa ameshajifia. Na hii Ijumaa ina nini?

Kitalu_Kisauni
Mbegu niliziokota mwenyewe Taita, upande wa Wundanyi. Ni kubwa, karibu sentimita moja na nusu. Watoto hautoi kabisa. Ua sikuliangalia sana. Ijumaa ni shughuli zangu tu.

Maalim_Tudor
Basi huo si Musa. Ni Ensete ventricosum, jenasi nyingine ndani ya familia ileile ya Musaceae. Shina kuvimba, mbegu kubwa, kutokuwa na watoto: kimoja kingeniacha na shaka, vyote vitatu haviniachi. Spishi hii ni ya Afrika. Waethiopia wanailima kwa ajili ya wanga wa shina na tunguu, tunda hawana haja nalo. Musa zote asili yake ni Asia, visiwa vya Pasifiki na kaskazini ya Australia, hata kisukari unayonunua Kongowea mababu zake walivuka bahari. Ukienda ndani ya seli utakuta kromosomu za msingi za Ensete ni 9, za Musa nyingi ni 10 au 11, na huyo ingens wako ni 7.

Ila usijilaumu, maana majina ya migomba yamewasumbua wakubwa wa elimu ya mimea. Linnaeus mwaka 1753 aliandika Musa paradisiaca, 1759 akaongeza Musa sapientum. Baadaye ikajulikana kuwa yote mawili ni machotara wa migomba miwili ya mwitu, acuminata na balbisiana, ambayo Colla alikuwa ameipa majina mwaka 1820. Huu wako Welwitsch aliuita Musa ventricosa mwaka 1859. Ni Cheesman, 1947, aliyeuhamishia Ensete, na Musa iliyobaki akaigawa makundi manne. Mwaka 2013 Häkkinen akayarudisha kuwa mawili, kwa sababu vinasaba havikuiona ile mipaka.

Kitalu_Kisauni
Ahaa! Kumbe umewahi kuitwa Musa. Basi nikiandika Musa sijamdanganya mtu.

Dada_Bamburi
Kuuandika wapi? Kaka, sema ukweli, umeshauuza?

Kitalu_Kisauni
Haya. Kuna nyumba ya wageni Nyali, wameagiza safu nzima kando ya bwawa la kuogelea. Arbuni nimeshapokea, nusu ya pesa. Niliwaambia ni Musa ingens, mgomba mkubwa duniani, na kibao cha shaba kimeshachongwa. Ijumaa napeleka. Lakini jamani, mgomba ni mgomba. Wataalamu wenyewe hubadilisha majina kila wakikutana, mimi muuza miche ndio niwe makini kuwashinda? Mteja anataka kivuli na picha za wageni. Hahesabu kromosomu yule.

Mzee_Kuze
Kijana, arbuni ni amana. Ukishaipokea, ulichokisema ndicho unachodaiwa. Mimi niliwahi kuuziwa udi, naambiwa wa Kambodia, nikaufukiza usiku wa harusi ya binti yangu, nyumba nzima ikanuka mpira unaoungua. Yule muuzaji bado namuona msikitini, na salamu yake naijibu kwa sababu ni wajibu tu.

Punda_wa_Likoni
Ongeza maneno kwenye shaba: "Musa bin Ensete". Umemaliza.

Dada_Bamburi
Na safu yote hiyo ni ya mbegu za Taita?

Kitalu_Kisauni
Mingine ya mbegu, mingine niling'oa watoto nikawatia kwenye mifuko.

Chombo_Kienda
Simama hapohapo. Juu umesema hautoi watoto kabisa, sasa umeng'oa watoto. Jamani, mnapigwa changa la macho. Hii hadithi imetungwa. Maalim anatoa darasa, muuzaji anajitangaza, kesho mtaona namba ya simu. Picha hata moja hakuna.

Punda_wa_Likoni
Labda ni watoto wa nje ya ndoa.

Mzee_Kuze
Ikiwa ni hadithi, basi kisa changu cha udi nilikitoa bure.

Kitalu_Kisauni
Namba sijampa mtu. Watoto ni wa mgomba mwingine. Mjomba aliniletea kutoka Pemba: mwembamba, unachipuka ovyo, ndizi zake fupi zenye vimbegu vidogo vyeusi. Nikauchanganya na ule kwa sababu kwa mbali majani yanafanana. Sikuutaja kwa kuwa hamkuuliza.

Maalim_Tudor
Pemba! Kaka, umeanzia mkiani. Musa acuminata ya mwitu, yenye mbegu, ipo Pemba, na wenye kufuatilia safari za ndizi wanaijali sana, maana hapa si kwao, ililetwa. Hebu tazama ua. Magamba yakifunguka kisha yakajiviringisha kurudi nyuma, ni acuminata. Yakinyanyuka tu bila kujiviringisha, ni balbisiana. Tazama na kikonyo cha jani: mfereji wake kingo zimeachana, au zimekutana juu? Watafiti wa ndizi Simmonds na Shepherd mwaka 1955 walichukua alama 15 za namna hiyo wakaipanga nazo migomba ya shambani. Niwekee mche mmoja, Alhamisi nitaupitia.

Dada_Bamburi
Maalim, mtu ana kesi ya arbuni, wewe unaomba mche? Na huo wa Pemba ulivuka mpaka kwa kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea? Ugonjwa wa Panama aina ya TR4, ule wa kuvu unaonyausha migomba, ulionekana kaskazini ya Msumbiji mwaka 2013, na husafiri na udongo na miche. Baba yangu ana shamba la kisukari Kaloleni, huko ndiko ada yangu ya chuo ilikotoka.

Kitalu_Kisauni
Udongo tuliukung'uta wote, dadangu. Sasa ngojeni, mteja amenipigia hivi punde. Nikamwambia huenda ukawa Ensete. Jina wala hakulijali, ameuliza kama unadumu. Maalim, unadumu?

Maalim_Tudor
Wa Taita hukaa miaka, ukazaa mara moja, ukafa wote mpaka tunguu. Na kwa kuwa hautoi watoto, utaachiwa shimo kando ya bwawa. Wa Pemba shina lililozaa hufa pia, lakini watoto wanashika nafasi.

Kitalu_Kisauni
Basi nitamwambia ule wa Pemba ndio ingens, kibao kihamie upande wake.

Chombo_Kienda
Narudisha maneno yangu. Hiki kisa ni cha kweli.