Naomba ushauri: kutoka kupanga kurasa za vitabu hadi kuchora ramani za kidijitali

Mpanga_Kurasa, Morogoro

Wakuu, habari za majukumu.

Nina umri wa miaka 36, na kwa miaka 11 nimekuwa mpanga kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji: vitabu vya shule, kalenda, kadi za harusi, na msimu wa kampeni hata mabango ya wagombea. Mwaka jana tuliletewa kijitabu cha kamati ya maji ya kijiji kimoja kilichoko kwenye miteremko ya Uluguru, nami nikapewa jukumu la kuchora ramani ya visima kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuichora. Niliskani karatasi ya zamani ya ramani ya serikali, ile ya skeli ya 1:50,000, nikaifuatisha mstari kwa mstari katika programu ya michoro niliyoizoea, kisha nikaweka alama za visima kwa kulinganisha mistari ya gridi ya karatasi na namba za mahali, zilizo katika mita, ambazo vijana wa kamati walizichukua kwa simu. Ramani ilipendeza, na bosi wangu aliisifu. Ilipofika kijijini, mzee mmoja aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kisima chao kilihamia ng'ambo ya mto lini.

Visima vyote 14 vilikuwa vimesogea kusini na mashariki kidogo, kwa umbali uleule, yapata milimita 6 kwenye karatasi. Nilivisogeza vyote kwa mkono, na kimoja nikakisukuma zaidi peke yake, mpaka mzee akaridhika. Kijitabu kilichapwa, lakini hadi leo sijui nilikosea wapi, na jambo hilo ndilo lililonifanya nianze kulala saa 7 usiku nikisoma habari za ramani.

Sasa nataka kuifanya kuwa kazi. Nina mke na watoto wawili, hivyo kurudi chuoni miaka minne si jambo la kuamua kwa pupa. Je, shahada ni lazima, au naweza kujifunza mwenyewe jioni? Na je, huu ujuzi wangu wa fonti, rangi na nafasi una thamani yoyote katika fani hiyo, au nitakuwa naanza sifuri?

Mzee_Teodolaiti, Dodoma

Kijana wangu, mkono wako haukukosea; ulichanganya datamu mbili, yaani misingi miwili tofauti ya kupimia mahali duniani, bila kujua. Ramani zile za 1:50,000 zimejengwa juu ya datamu ya Arc 1960, inayotumia umbo la dunia lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880, wakati simu inatumia WGS 84, na hizo mbili hazikubaliani kuhusu mahali kilipo kitovu cha dunia. Kwa upande wetu huu, namba za gridi za nukta moja hutofautiana kwa karibu mita 300 kaskazini-kusini na chini ya mita 100 mashariki-magharibi. Katika skeli yako milimita 1 ni mita 50, basi piga hesabu uone kama hukuzipata milimita zako 6.

Dawa yake ni hii. Fungua QGIS, programu ya kompyuta ya kuchorea ramani, ipe karatasi uliyoskani msimbo wa EPSG 21037 (EPSG ni orodha ya namba za mifumo ya ramani), ambao ni Arc 1960 kanda ya 37 kusini, na nukta za simu uzipe 32737, ambao ni WGS 84 kanda ileile, kisha iache programu ifanye ubadilishaji. Siku utakapopata kazi ya Tabora au Mwanza, kumbuka kwamba ukivuka longitudo ya 36 kuelekea magharibi umeingia kanda ya 36, na misimbo hubadilika.

Kuhusu shahada, inategemea unataka kuwa nani. Ukitaka kupima ardhi, hapana njia ya mkato: nenda Chuo Kikuu Ardhi ukasome jiomatiki, yaani elimu ya upimaji na ramani, kisha usajiliwe. Ukitaka kuchora ramani ambazo watu watazisoma, kitu cha lazima ni kuzijua datamu na projeksheni (njia za kuilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa) kama unavyozijua saizi za karatasi, na hayo unaweza kuyasoma nyumbani. Ila nakuonya mapema: mtu akikuletea kazi ya kuonyesha mpaka wa kiwanja chenye ugomvi, mwelekeze kwa mpima aliyesajiliwa, hata akikuahidi fedha nono.

Binti_wa_Mitaro, Dar es Salaam

Shikamoo Mzee Teodolaiti. Kaka Mpanga Kurasa, mimi niliingia kwa mlango mwingine kabisa: nilikuwa mwanafunzi katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa tulitembea pamoja katika kata zinazofurika maji tukirekodi mitaro, makalavati na nyumba, na kuviingiza katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni inayochorwa na wachangiaji. Hakuna darasa lililonifundisha zaidi ya kumwuliza mama muuza vitumbua maji ya mvua hufika wapi mlangoni pake.

Ushauri wangu ni kwamba usinunue kozi yoyote kwa sasa. QGIS ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti ukishaipakua. Chukua ramani ileile ya visima uichore upya tangu mwanzo, kwa sababu unalijua eneo na unalijua kosa. Anayejifunzia ramani ya nchi asiyoifahamu hawezi kugundua kwamba amepotea. Data za barabara na majengo zitoe OpenStreetMap, lakini leseni yake inakutaka uandike kwenye ramani kwamba data ni za wachangiaji wake, na waajiri makini hutazama kama umeandika. Nawe ukianza kuchangia, usinakili jina wala barabara kutoka Google Maps; hairuhusiwi, na kazi yako itafutwa.

Jambo la mwisho ni majina ya mahali. Karatasi za zamani zina majina yaliyoandikwa na watu waliosikia nusu, kwa hiyo lithibitishe kila jina la kitongoji na kijito kwa wenyeji kabla hujalichagulia fonti.

Skeli_na_Ufunguo, Nairobi

Ndugu yangu, wenzangu wamekujibu kuhusu usahihi. Niruhusu nijibu swali lako la pili, ambalo naona umeliuliza kwa unyenyekevu uliozidi.

Nafanya kazi hii kwa mwaka wa tisa, na wengi ninaofanya nao kazi wanajua kuchakata data kuliko mimi, ila ramani zao huwezi kuzisoma. Ukitaka kuona usanifu unavyoweza kubeba kazi nzima, tazama mradi wa Digital Matatus hapa Nairobi: wanafunzi wa chuo kikuu walipanda matatu wakiwa na simu wakirekodi njia na vituo, na mwaka 2014 ikatolewa ramani ya njia zaidi ya 100. Barabara zilinyooshwa, na njia zikapewa rangi kwa makundi. Kijiografia ramani hiyo si kamili, wala haikukusudiwa iwe hivyo. Abiria anataka kujua apande gari namba gani na ashukie wapi.

Kosa utakaloliona kila mahali, na ambalo jicho lako la mpanga kurasa halitakuokoa nalo, ni la kupaka mikoa rangi kwa kufuata jumla ya watu. Katika sensa ya Tanzania ya mwaka 2022, mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5 na Tabora zaidi ya milioni 3. Ukipaka jumla hizo, Tabora itatawala ukurasa kwa ukubwa wa eneo lake, huku Dar es Salaam ikibaki doa pwani ambalo msomaji hulikosa. Gawanya kwanza kwa kilomita za mraba, ndipo rangi zitasema kweli: Tabora ina watu wapatao 45 kwa kila kilomita, na Dar es Salaam maelfu. Ukitaka kuonyesha jumla, tumia duara zinazokua kwa eneo, si kwa kipenyo. Rangi zichague kwa kutumia ColorBrewer, zana ya kuchagulia rangi za ramani ya Cynthia Brewer, na uepuke nyekundu dhidi ya kijani, kwa kuwa baadhi ya wanaume hawazitofautishi.

Utakapofika kwenye majina, ndipo utakapowapita wengi. Mchora ramani wa Uswisi, Eduard Imhof, alieleza kanuni ambazo bado tunazifuata: jina la mji likae kulia na juu kidogo ya alama yake, jina la mto lifuate mkunjo wa mto, na jina la safu ya milima litanuliwe kuufuata urefu wake. Programu hukupangia majina yenyewe, na hupanga vibaya. Mimi hutumia siku mbili nikiyapanga kwa mkono, na sioni aibu kuzitoza.

Mkweli_Daima, Mwanza

Nawapongeza wote kwa maelezo mazuri, lakini mtu huyu ana familia. Matangazo ya kazi ninayoyaona hayatafuti mchora ramani. Yanatafuta mtaalamu wa GIS, yaani mifumo ya taarifa za kijiografia, na ndani yake yanadai hifadhidata, lugha ya programu ya Python na kuchambua picha za setilaiti. Ramani nzuri huja mwishoni, ikiwa muda umebaki. Ndugu, usiache kiwanda. Tafuta wateja wa ramani ukiwa humohumo, na ujifunze PostGIS, hifadhidata ya data za ramani, kabla ya fonti nyingine.

Mpanga_Kurasa, Morogoro

Nawashukuru sana. Mzee, shikamoo, nimeyafanya uliyoniagiza. Niliweka 21037 kwenye karatasi na 32737 kwenye nukta, visima 13 vikarudi mahali pake vyenyewe, nami nikabaki nimeduwaa mbele ya kompyuta kama mtoto. Mkweli, nimekuelewa: siachi kazi, na bosi amekubali kwamba ramani zote zitakazoingia kiwandani zipitie kwangu.

Kimebaki kisima cha 9. Bado kiko ng'ambo ya mto, na ndicho kilekile nilichokisukuma peke yake safari ile. Jumamosi nilipanda hadi kijijini nikarekodi nukta upya mara tatu, na zote zilikubaliana. Nikamwendea yule mzee, naye akacheka, akasema kisima hakijawahi kuhama. Mto ndio uliohama, mwaka wa mvua kubwa, akiwa bado anaotesha viazi ukingoni mwake.

Mzee_Teodolaiti, Dodoma

Marahaba. Soma maandishi yaliyo ukingoni mwa ile karatasi, utaukuta mwaka wa picha za anga zilizoichora; ulinganishe na mwaka wa mvua za huyo mzee. Kisima kiache kilipo, ufute mto na kuuchora upya. Picha za bure za setilaiti za Sentinel-2 zina seli, yaani nukta ya picha, ya mita 10, kwa hiyo kijito cha namna hiyo hutakiona vizuri humo. Ufuate mto wenyewe kwa miguu, simu ikiwa mkononi inarekodi, na umwombe mzee atangulie.