Wakuu naomba ushauri: kijana ahamie shule binafsi kwa ajili ya lakrosi, au abaki ya serikali? (Baltimore)

BabaJunior_Maryland
Wakuu, heshima yenu. Nisaidieni akili, maana hapa nyumbani mimi na mama watoto tumeshindwa kuelewana.

Tuko Baltimore County mwaka wa 14 sasa. Kijana yuko darasa la 8. Kwa wasioujua mchezo wenyewe: ni fimbo yenye kikapu cha nyavu mwishoni, mpira mdogo mgumu wa raba, mnapasiana hewani huku mnakimbia, na kuchapana fimbo kidogo kunaruhusiwa. Huku Maryland ni kama soka kwetu, mpaka jimbo liliutangaza mchezo rasmi wa timu mwaka 2004. Kijana anacheza beki, anatumia ile fimbo ndefu ya futi 6. Mama yake anasema tumezaa Mmasai. Kila jioni anaupiga mpira kwenye ukuta wa gereji, mia kwa mkono wa kulia, mia kwa kushoto. Jirani alishawahi kuja kuuliza kama tunajenga.

Sasa shule moja binafsi inayocheza MIAA (ligi ya shule binafsi za wavulana huku) daraja A imempenda. Ada dola 34,000, wametupunguzia 16,000, tubaki na 18,000 kwa mwaka. Halafu kocha akadokeza kwamba ingefaa arudie la 8 "akomae mwili". Shule yetu ya serikali hapa ina timu, ya kawaida tu, haivumi.

Swali: ni kweli shule binafsi ziko juu kiasi hicho kwenye lakrosi? Na hiyo hela ina maana? Nawasilisha.

Mzee_wa_Towson
Mkuu, karibu. Nina vijana wawili waliopita huko, mmoja kila upande.

Kileleni, ndiyo, ziko juu. MIAA A ndiko wanakokutana Calvert Hall, Loyola Blakefield, McDonogh, Boys' Latin na wenzao, na wiki yoyote ya Aprili hakuna mechi ya kupumzikia. Kwa mabinti ndiyo usiseme: McDonogh walishinda mechi 198 mfululizo kati ya 2009 na 2018. Mtoto aliyezaliwa mwaka walioanza alikuwa darasani anasoma walipokuja kufungwa.

Ila bingwa wa jimbo zima hayupo. Mashindano ya MPSSAA ni ya shule za serikali pekee, yamegawanywa kwa ukubwa wa shule. Binafsi wana kombe lao. Wanakutana kwenye mechi chache za msimu basi, ndiyo maana ubishi wa nani zaidi hauishi kwenye majukwaa ya uwanjani. Severna Park ni ya serikali na imebeba makombe mpaka imechosha watu, na sijawahi kusikia mtu wa MIAA akisema anatamani kukutana nao.

Angalia pia shule za serikali zinazotamba ziko wapi. Ziko kwenye mitaa ya nyumba ghali. Shule ya serikali inachukua watoto wa eneo lake, binafsi inachukua mtoto hata kutoka kaunti ya tatu. Wale wa Severna Park ada wanalipa pia, iko kwenye bei ya nyumba.

mtoto_wa_Bombo
Yaani 34,000 kwa ajili ya fimbo? Mimi nilichapwa bure Tanga miaka saba.

Nesi_ZamuYaUsiku
Kaka, mimi nitakwambia ambayo kocha hatakwambia. Mwanangu tulimpeleka moja ya hizo (jina naliacha). Mwaka wa kwanza timu ya wadogo, wa pili timu ya wadogo, wa tatu akapanda timu kubwa akawa anashika chupa za maji. Akaanza mechi yake ya kwanza darasa la 12. Mbele yake kila mwaka walikuwa wanaletwa vijana wengine, wengine wamerudia darasa, wana ndevu.

Na ule msaada wa ada unaombwa upya kila mwaka, fomu zile zile. Mwaka wa pili nilifanya zamu za ziada, kipato kikapanda, msaada ukashuka. Nilijiadhibu mwenyewe kwa kufanya kazi. Waulize hilo kwa maandishi kabla hujasaini chochote.

Masomo, sitadanganya, yalikuwa mazuri sana. Yuko chuo anasomea uinjinia, hagusi fimbo.

BabaJunior_Maryland
Dada Nesi, hiyo ya fomu nilikuwa siijui. Nilidhani 16,000 ni ya miaka yote minne. Akirudia darasa ni miaka mitano, kwa hiyo 90,000 hata kabla ya kuongeza mafuta ya gari.

Kocha_Msaidizi410
Nasaidia timu ya vijana huku, niongeze kitu. Makocha wa vyuo hawazunguki sana kwenye mechi za shule, kwa sababu msimu wa shule ni Machi hadi Mei na wao wako kwenye msimu wao wenyewe. Wanamwona kijana kiangazi, akiwa na klabu. Kwa Divisheni I (ngazi ya juu ya michezo ya vyuo) hawaruhusiwi kuzungumza naye mpaka tarehe 1 Septemba anapoingia darasa la 11. Kwa hiyo kama lengo ni chuo, swali la kwanza ni klabu gani, la pili ndiyo shule.

Na kuhusu "atasoma bure": mpaka 2025 timu ya wavulana ya Divisheni I ilikuwa na nafasi 12.6 za ufadhili kamili, na zinagawanywa kwa kikosi cha watu arobaini na kitu. Wengi walikuwa wanapata robo. Sasa vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya vinaweza kutoa mpaka 48, lakini kuweza na kutoa ni vitu viwili. Divisheni III (ngazi ya chini) hawatoi kwa michezo kabisa, wala Ivy League, vile vyuo vya kina Harvard.

Shule binafsi itampa kitu kimoja cha kweli: kila siku mazoezini atamkaba mshambuliaji ambaye ana chuo tayari. Beki anajifunza hivyo, ukuta wa gereji haukupigi chenga.

Dada_wa_Columbia
Mimi niko tofauti na Nesi. Tusiongee kana kwamba shule ni uwanja tu. Kyle Harrison alitoka shule binafsi hapa hapa Baltimore, Friends, akaenda Johns Hopkins, akachukua Tewaaraton, tuzo ya mchezaji bora wa lakrosi wa vyuo, 2005. Baba yake alicheza Morgan State miaka ya 70, chuo cha watu weusi cha kwanza kuwa na timu ya lakrosi. Lakini upande wa pili Jim Brown, yule nyota wa lakrosi na futiboli ya Marekani, alitoka Manhasset, shule ya serikali ya Long Island. Ukienda huko New York utaona serikali ndiyo wababe.

Ninachouliza mimi: pale shuleni vijana weusi kwenye timu ni wangapi? Na kijana mwenyewe amesema nini? Uzi mzima huu sijamsikia.

BabaJunior_Maryland
Shemeji umenikamata. Nimemwita sasa hivi. Anasema anataka kwenda, ila kurudia darasa hataki, rafiki zake watakuwa mbele yake.

Jumatatu nawaandikia kuhusu msaada wa mwaka wa pili na hilo la kurudia. Jumamosi tunakwenda kukaa jukwaani kuangalia timu yao ya wadogo, nihesabu mabeki. Mama watoto ameniambia nihesabu na wenye ndevu. Nitaleta mrejesho.

mtoto_wa_Bombo
Tunasubiri mrejesho. Jirani msalimie.