Naomba ushauri: mapishi mapya ya chakula cha usiku yanakataliwa na familia nzima

Binti Ngamiani: Wapendwa, habari za jioni. Ninaishi Tanga na mume wangu, watoto wetu wawili ambao sasa ni vijana, na mama mkwe wangu. Tangu Ramadhani ilipomalizika nimeamua kubadilisha chakula cha usiku, kwa sababu tumekuwa tukizunguka kwenye wali, maharage na mchuzi mwaka hadi mwaka. Nimejaribu kisamvu cha karanga, makande na samaki wa kupaka, lakini watoto hukichezea chakula kisha hutoka kwenda kununua chipsi, na mama mkwe husema ameshiba hata kabla hajaonja. Naombeni mapishi ambayo watayapenda, yasiyo na gharama kubwa.

Mzee wa Kibosho: Dada, jibu lako ni mtori. Menya ndizi mshare, uzichemshe pamoja na nyama ya ng'ombe yenye mifupa, kitunguu na karoti mpaka zilainike kabisa, kisha toa nyama na mifupa, uziponde kwa mwiko, na urudishe nyama ikiwa imechambuliwa. Kwetu mzazi hulishwa mtori mpaka apate nguvu. Nilipohamia Dodoma nikajaribu kuupika mwenyewe, ukanishinda, na nikailaumu gesi kwa muda mrefu, kumbe ndizi nilizouziwa sokoni hazikuwa mshare.

Shangazi Mkali: Tatizo si mapishi. Mtoto anayepewa fedha ya chipsi hana sababu ya kula makande. Sisi tulikula kilichopikwa, na aliyesusa alilala na njaa mpaka asubuhi.

Bin Chumbageni: Naomba tuelewane kwanza. Tangu lini samaki wa kupaka akawa chakula kipya kwa watu wa Tanga, tena wakamsusia? Ulimpaka nini?

Binti Ngamiani: Nilimpaka nyanya, kitunguu saumu na ndimu. Tui sikutia, na chumvi sikutia. Sioni kama jambo hilo linahusiana na swali langu, kwa kuwa chumvi nyingi haimfai mtu yeyote.

Muuguzi Mstaafu: Mwanangu, mpishi wa pwani haondoi tui na chumvi kwa mkupuo mmoja bila sababu. Ni nani hapo nyumbani aliyeambiwa apunguze?

Binti Ngamiani: Ni mimi. Nilipimwa shinikizo la damu, likawa 160 kwa 100. Nyumbani hakuna anayejua, na ningependa ibaki hivyo kwa sasa, kwa sababu mume wangu atanitaka nifunge genge langu la mboga, na mama mkwe atawapigia simu ndugu wote mpaka wa Lushoto. Dawa nilipewa, ila sijaanza kuzimeza. Sijazikataa, nataka kwanza nione chakula kitafanya kazi gani, maana nimesoma kwamba wapo waliopona kwa kubadilisha chakula tu.

Dereva wa Masafa: Kwa hiyo mgonjwa ni mmoja na wanaotumikia dozi ni watu watano. Naomba mama mkwe naye afunguliwe kadi ya kliniki, kwa kuwa matibabu ameshaanza bila kupimwa.

Bin Chumbageni: Mimi naona hadithi hii imetungwa. Mama wa Kitanga anawekewa samaki asiye na tui asiulize, mume haoni dawa zilizomo ndani ya nyumba yake, na swali lililoanza na mapishi limeishia kwenye somo la afya. Nani amekutuma?

Mama wa Mikindani: Kutokuona dawa hakunishangazi hata kidogo. Mume wangu hajui hata chumvi inakaa wapi.

Binti Ngamiani: Ndugu yangu, mama mkwe aliuliza siku ya kwanza. Nilimjibu kwamba nazi zimepanda bei, na alipokwenda Pangani kumtembelea dada yake alirudi na nazi za kujaza kapu, akaziweka jikoni kando ya mbuzi bila kusema neno. Ningekuwa ninatunga, ningetunga mama mkwe mpole.

Muuguzi Mstaafu: Iwe imetungwa au ni kweli, kipimo hicho kimevuka 140 kwa 90, na si cha kujaribia makande peke yake. Rudi kwa aliyekupa dawa, umweleze kwamba hukuzianza. Chakula kinasaidia sana, lakini hufanya kazi pamoja na dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumuisha vile vipande vya viungo vya mchuzi na papa wa chumvi. Hata magadi unayotia ili makande yaive upesi yana sodiamu. Punguza kidogo kidogo, ulimi huzoea. Ukiondoa yote usiku mmoja, vijana watakwenda kuila chumvi hiyo kwenye chipsi.

Binti Ngamiani: Nimekuelewa, mama. Kliniki nitakwenda Jumatatu. Mume nitamwambia nikisharudi, kabla ya hapo siwezi. Hata hivyo kesho usiku watu wanakula, na swali langu halijajibiwa.

Bin Chumbageni: Basi chukua changu, ingawa bado nina mashaka nawe. Mchanje samaki, umpake tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na chumvi ya kubana kwa vidole tu, umwache kwa saa moja, kisha umchome kwa mkaa. Ukwaju uloweke na uuchuje uwe mzito.

Binti Ngamiani: Ukwaju nimpake kabla ya kumchoma au baada?

Bin Chumbageni: Anapokaribia kuiva. Ukimpaka mapema utaungua na kuwa mchungu. Na usimwite samaki wa kupaka mbele ya mama mkwe.