TSH chini, T4 juu, na wala siumwi: niyaamini haya majibu?

Bi_Kigamboni: Wakuu, habari za jioni. Nilienda kucheki afya tu, dokta akaniongezea vipimo vya tezi ya shingo. TSH, ile inayoiamuru tezi na hushuka homoni zikizidi, imetoka 0.08 (kawaida yao 0.4–4.0), T4 huru, homoni ya tezi yenyewe, 38 (kawaida 10–22). Anasema tezi inazidisha homoni, nianze kabimazoli, dawa ya kuipunguza. Mimi sijakonda, moyo haunidundi, mikono haitetemeki, na jasho ni la joto la Dar tu. Dawa situmii, labda vidonge vya kukuza nywele. Ninywe au nisubiri?

Mama Nuru: Rovu unalo? Macho je? Mdogo wangu alipuuzia hivyohivyo. Usibishane na dokta, dada.

Pipeti: Hebu geuza hilo kopo la vidonge. Biotini, ile vitamini ya nywele, kiasi gani?

Bi_Kigamboni: Mikrogramu 10,000. Kimoja kila asubuhi, hata siku ya kipimo.

Pipeti: Nilihisi. Mtu mzima anahitaji kama 30 kwa siku! Mimi ni mtu wa maabara. Mashine nyingi za homoni hutumia biotini hiyohiyo kama gundi: kingamwili inayokamata TSH imefungwa biotini ili inase kwenye chembe zilizopakwa streptavidini, protini inayoshika biotini, kisha mashine inasoma mwanga. Biotini ya vidonge ikijaa kwenye damu, inawahi siti zote kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni. TSH inakosa pa kukaa, inaoshwa, mwanga unafifia, inasomeka ndogo. T4 huru hupimwa kwa ushindani, yaani T4 ikiwa nyingi mwanga hupungua, kwa hiyo mwanga ukififia yenyewe husomeka nyingi. Umeona? Hata TRAb, kipimo cha ugonjwa wa Graves (kinga ya mwili kuichochea tezi), kinaweza kutoka chanya cha uongo. Si mashine zote lakini. Waulize ya kwao.

Mpigie dokta, mtajie hicho kidonge. Uache angalau siku mbili, kwa dozi hiyo mimi ningekwambia wiki, ndipo mrudie kupima kabla ya kabimazoli. Moyo ukianza kwenda mbio usingoje, rudi hospitali.

Mama Nuru: Kumbe! Mimi ni wa upande wa pili, tezi yangu inatoa homoni kidogo, natumia levothairoksini ya kuiongeza. Nikienda kupima nisile?

Pipeti: Kula tu, mama. Ila damu itolewe kabla hujanywa kidonge cha siku hiyo. Na dozi ikibadilishwa, pima baada ya wiki 6 hadi 8, TSH haina haraka.