Kwa nini myeyusho wa hialuroneti huwa mwepesi ukitiwa chumvi?

Mpimaji wa Mnato

Ndugu zangu, naomba mnifafanulie jambo. Nimeyeyusha gramu 1 ya hialuroneti ya sodiamu, polima (molekuli ndefu kama uzi) ya jamii ya sukari, katika lita moja ya maji yaliyokenekwa, kisha nikaupitisha myeyusho huo kwenye viskomita ya kapilari, yaani mrija mwembamba unaopima mnato kwa muda ambao kimiminika huchukua kushuka. Maji matupu hushuka kwa dakika moja, lakini huu ulichukua zaidi ya dakika 9. Nilipotia chumvi ya kawaida, gramu 9 hivi kwa lita, muda ukashuka hadi dakika 4, ingawa hakuna polima yoyote iliyotoka chupani. Kinachonitatiza zaidi ni kwamba kabla ya chumvi, kila nilipouzimua myeyusho kwa maji, mchango wa kila gramu ya polima katika mnato uliongezeka badala ya kupungua. Mwenzangu naye, anayepima kwa mtawanyo wa mwanga, anaona kasi mbili za usambaaji (jinsi polima inavyoenea majini) pasipo chumvi: moja ya haraka, nyingine ya polepole mno. Je, vifaa vyetu ni vibovu?

Fundi Ioni

Ndugu Mpimaji, vifaa vyenu havina kosa. Hialuroneti ni uzi mrefu ambao takriban kila nanomita moja una kikundi chenye chaji hasi, na chaji za aina moja hufukuzana. Katika maji yasiyo na chumvi mfukuzano huo hufika mbali, kwa hiyo uzi hujinyoosha na kuchukua nafasi kubwa kuliko uzito wake. Na kwa kuwa mnato hufuata nafasi hiyo, myeyusho huwa mzito. Ukitia chumvi, ioni za sodiamu huizingira ile chaji hasi na kuuficha mfukuzano. Umbali ambao chaji moja bado huihisi nyingine, unaoitwa umbali wa Debye, ni karibu nanomita 10 katika milimola 1 kwa lita ya chumvi ya kawaida, lakini hubaki nanomita 0.8 tu katika milimola 150, ambazo ndizo gramu zako 9, yaani chumvi ya dripu ya hospitali. Hapo uzi hujikunja na maji hupita kwa urahisi.

Kuhusu kuzimua, kumbuka kwamba polima huja na ioni zake za sodiamu. Unapoongeza maji matupu unazipunguza na hizo pia, nyuzi zinazidi kujinyoosha, na kila gramu inaonekana kuwa na nguvu zaidi. Ukitaka kipimo cha kuaminika, zimua kwa maji yenye chumvi ileile, kiasi kilekile. Bila chumvi, hata kaboni dioksidi ya hewani inayoingia majini inatosha kuyumbisha matokeo yako ya asubuhi na ya jioni. Mimi mwenyewe nilipoteza wiki nzima nikililaumu jokofu.

Kasi ya haraka anayoiona mwenzako nayo ina sababu. Ioni ndogo hukimbia, lakini haziwezi kuuacha uzi nyuma kwa sababu chaji hasi na chanya lazima zisawazike, hivyo huukokota. Mwanga unaona mabadiliko ya ukolezo yakitulia upesi, ilhali uzi mmoja mmoja hauendi kasi hiyo. Ile ya polepole iliripotiwa na Lin, Lee na Schurr mwaka 1978 katika polilaisini, polima ya asidi amino iitwayo laisini, ambayo chaji yake ni chanya, walipopunguza chumvi. Wengi huihusisha na makundi makubwa ya nyuzi yanayotembea pamoja, ila jinsi nyuzi zenye chaji moja zinavyokusanyika ni ubishi ambao haujaisha.

Mkaa Pwani

Naongeza angalizo, kwa sababu anayesoma hapa anaweza kudhani chumvi hulegeza kila kitu. Mwani wa Zanzibar unaoitwa cottonii hutoa karajinani (polima ya sukari yenye chaji hasi) aina ya kapa, nayo ukiitia chumvi ya potasiamu ikiwa moto na kuiacha ipoe, huganda ikawa kama jeli inayokatika kwa kisu. Sodiamu haifikii nguvu hiyo hata kidogo. Karajinani ya mwani mwingine, spinosum, aina ya aiota, hupendelea kalsiamu na hutoa jeli laini inayonyumbuka. Kwa hiyo inafaa kuuliza ni ioni gani, si kiasi gani tu. Hata DNA, ambayo chaji zake zimesongamana mara nyingi kuliko za hialuroneti, sodiamu huipunguzia mfukuzano tu, ilhali spemini, molekuli ndogo yenye chaji chanya nne, huikunja ikawa kidonge kidogo, mara chaji ya DNA inapokuwa imezimwa kwa karibu asilimia 90.

Mpimaji wa Mnato

Ahsanteni sana. Leo nimerudia kuzimua kwa maji yenye gramu 9 za chumvi, na safari hii mchango wa kila gramu umeshuka taratibu kwa mstari ulionyooka, kama vitabu vinavyosema. Nimemwomba mwenzangu aanze na milimola 1 ya chumvi, aongeze kidogo kidogo hadi 150, ili tuone ile kasi ya polepole inapotea wapi. Hialuroneti iliyobaki ni ya vipimo sita, basi hatuna nafasi ya kukosea kupima chumvi.